Bandu Bandu Huisha Gogo: Shylock, Profesa wa Dresden na Sheria Zilizowavua Wayahudi Haki Zao

UTANGULIZI

Mwulize mwanafunzi yeyote wa fasihi akutajie Myahudi mmoja anayemfahamu kutoka vitabuni. Aghalabu atakujibu: Shylock. Na huenda amemfahamu kwa Kiswahili, kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Si ajabu basi kwamba wengi wetu tunapofikiria Myahudi mbele ya sheria, picha inayotujia ni ya mahakama moja, siku moja, na wakili mmoja mwerevu anayegeuza kesi juu chini watu wakiangalia.

Makala haya yana hoja moja tu, nayo ni hii. Tamthilia, pamoja na utamu wake wote, imetuzoesha kuamini kwamba haki ya mtu huporwa kwa pigo moja, hadharani, na kwamba anayeporwa huijua saa yenyewe. Katika Ujerumani ya Wanazi, kuanzia 1933, mambo hayakwenda hivyo. Haki za Wayahudi ziliondolewa bandu bandu, tangazo baada ya tangazo, na mara nyingi kila bandu ilionekana ndogo kiasi kwamba mtu angeweza kusema, "Hili nalo litapita." Utanzu uliofaulu kuuonyesha mwendo huo ni shajara. Na shajara, kama tujuavyo, ndiyo ile inayowekwa pembeni katika mijadala yetu ya tanzu, eti si fasihi bali ni kumbukumbu za mtu binafsi.

Nitatumia shajara za Victor Klemperer, profesa wa fasihi ya Kifaransa aliyeishi Dresden. Kwanza nitamrudia Shylock, kwa sababu tukimwelewa vizuri tutaona ni nini hasa tamthilia haiwezi kufanya. Mwishoni nitagusa riwaya ya Stefanie Zweig, ambayo sehemu yake kubwa inatokea Kenya.

SHYLOCK ANAVULIWA KWA DAKIKA CHACHE

Wahakiki wetu wengi wameisoma Mabepari wa Venisi kwa jicho la kitabaka, na jina lenyewe la tafsiri linaalika usomaji huo. Mwalimu hakuchagua neno "mfanyabiashara". Alichagua "mabepari", tena kwa wingi. Kwa hiyo Antonio ni bepari, Shylock ni bepari, na mgogoro wao unakuwa wa fahali wawili zizini. Usomaji huu una nguvu, sikatai. Lakini unaacha swali moja bila jibu: ikiwa wote wawili ni mabepari, mbona sheria inamkamata mmoja tu?

Jibu limo katika onyesho la mahakama. Portia, akiwa amejifanya wakili, kwanza anautegua mkataba wa ratili ya nyama: nyama ichukuliwe, ila damu isimwagike. Hapo kesi ingeweza kwisha. Haiishi. Portia anatoa sheria nyingine, inayomhusu mgeni anayehatarisha maisha ya raia. Shylock anaishi Venisi na anafanya biashara Venisi, lakini mbele ya sheria hiyo ni mgeni. Antonio ni raia. Tofauti yao kubwa mahakamani haiko mfukoni. Iko katika neno moja la kisheria. Kwa neno hilo Shylock anapoteza mali, anaponea chupuchupu, na juu ya hayo analazimishwa kuwa Mkristo.

Yote haya yanachukua kurasa chache. Tukiwa ukumbini tungeweza kuyatazama bila hata kubadili mkao. Hii ndiyo kazi ya tamthilia: hukusanya muda mrefu na kuubana katika saa moja. Lakini angalia tunachojifunza bila kujua. Tunajifunza kwamba sheria inapomvua mtu huwa kuna mahakama, kuna jina la anayehukumu, kuna hoja na majibu, na kuna mwisho. Mtu akishatoka jukwaani amekwisha kuvuliwa, basi. Sasa twende Dresden.

PROFESA NA KALENDA YAKE

Victor Klemperer alizaliwa mwaka 1881, mtoto wa rabi. Alibatizwa Mprotestanti akiwa kijana, akaoa mke asiye Myahudi, Eva, mwanamuziki. Alipigana upande wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka mwaka 1920 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden. Yeye mwenyewe alijiona Mjerumani, tena sana. Shajara alikuwa akiandika tangu ujanani. Zile za miaka ya Unazi zilichapishwa mwaka 1995, miaka 35 baada ya kufa kwake, kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Nitatoa Ushahidi Hadi Mwisho.

Ukiifungua shajara hii ukitarajia tanzia utavunjika moyo. Profesa analalamika kuhusu moyo wake unaomsumbua, deni la nyumba, paka, mihadhara yenye wanafunzi wachache, na mkewe anayetamani bustani. Halafu, katikati ya hayo, linaingia tangazo. Kisha yanarudi yale yale ya nyumba na paka. Kisha tangazo jingine. Msomaji mvivu atasema hakuna msuko. Mimi nasema msuko upo, ila mwandishi hakuutunga yeye. Umetungwa na serikali, na kila tukio lake lina tarehe.

Hebu tuutazame kwa ufupi. Tarehe 7 Aprili 1933, ikiwa ni miezi michache tu baada ya Hitler kuwa Kansela, ilitoka sheria ya kuwaondoa "wasio Waaria" katika utumishi wa umma. Tarehe 25 mwezi huo huo ikafuata sheria ya shule na vyuo: Wayahudi wasizidi asilimia 1.5 ya wanaoandikishwa upya. Septemba 1935 zikaja sheria za Nuremberg, zilizopiga marufuku ndoa kati ya Myahudi na Mjerumani, na kumfanya Myahudi kuwa mtu aliye chini ya dola lakini asiye raia kamili wa dola hiyo. Mwaka 1938 ndio uliokuwa na mafuriko: Aprili, kuandikisha mali yote inayozidi Reichsmark 5,000, Julai, madaktari, Septemba, mawakili, Oktoba, pasipoti kupigwa mhuri wa herufi J. Baada ya usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba, masinagogi yalipochomwa na maduka kuvunjwa, Wayahudi wenyewe ndio waliotozwa faini ya Reichsmark bilioni 1. Siku chache baadaye watoto wao wakafukuzwa katika shule za serikali. Septemba 1941 ikaja nyota ya njano kifuani, kwa kila Myahudi kuanzia mtoto wa miaka 6.

Orodha kama hii tunaweza kuipata katika kitabu chochote cha historia. Kwa nini basi tuisome kwa Klemperer? Kwa sababu mwanahistoria anaijua hatima, na anapanga orodha yake kuielekea. Klemperer haijui. Anaandika Jumanne bila kujua Jumatano. Mwezi Januari 1936, akiwa na miaka 54, tayari ameshaachishwa kazi, anapata leseni ya udereva! Kisha ananunua gari kuukuu na kumzungusha mkewe mashambani. Msomaji anataka kumpigia kelele: Profesa, gari la nini, kimbia! Lakini kelele hiyo ni ya sisi tunaojua mwisho. Yeye anaona kazi imekwenda, ila pensheni ipo. Chumba cha kusomea maktabani kimefungwa kwake, ila vitabu bado anaweza kuazima. Na barabara bado ni za wote. Desemba 1938 anapoteza leseni na maktaba kwa mara moja.

Hii ndiyo kejeli ya kidrama tuliyofundishwa, msomaji kujua asichokijua mhusika. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mtunzi aliyeipanga. Ndiyo maana inauma zaidi.

LUGHA YA SHERIA: NANI ANATENDA?

Klemperer alikuwa mwanafasihi, na alizisoma amri kama tunavyofundishwa kusoma shairi: neno kwa neno. Mwaka 1947 alitoa kitabu kuhusu lugha ya Wanazi, LTI, kilichotokana na shajara hizo. Nafuata njia yake hapa, ila mifano ninayoitazama ni ya majina na miundo ya sheria zenyewe.

Chukua majina. Sheria ya Aprili 1933 iliyofukuza watu kazini haikuitwa sheria ya kufukuza. Iliitwa ya "kurejesha" utumishi wa umma wenye weledi. Ile ya vyuo iliitwa sheria ya kupinga "msongamano" wa shule na vyuo vya Ujerumani. Ile ya kukataza ndoa iliitwa ya "kulinda" damu na heshima. Kurejesha, kupunguza msongamano, kulinda: nani atapinga vitenzi vizuri namna hii? Sisi tunaobanana kwenye madawati ya kumbi za mihadhara tungeweza kabisa kulipigia makofi neno "msongamano" kabla hatujasoma kifungu cha pili. Tena Wayahudi wote wa Ujerumani mwaka 1933 hawakufika asilimia 1 ya watu wa nchi hiyo. Msongamano gani?

Kisha tazama kauli. Kiswahili chetu kinatusaidia sana hapa, kwa sababu kauli ya kutendwa inajitangaza yenyewe kwa -wa. Watastaafishwa. Wataandikishwa. Zitafutwa. Kwa kawaida tungetarajia "na" inayomtaja mtenda: amepigwa na fulani. Katika amri hizi "na" hiyo haipo. Kila kitu kinatendwa, hakuna anayetenda. Portia angalau alisimama mbele ya Shylock tukamwona uso, hata kama alikuwa amejigeuza. Klemperer alichokutana nacho ni barua, fomu na karani wa dirishani ambaye pengine alimwamkia kwa adabu. Shajara imejaa makarani na maofisa wa namna hiyo. Wengine wanaona aibu, wengine wananong'ona kwamba wao hawapendi mambo haya. Barua inatoka vile vile.

Na tazama ufafanuzi. "Asiye Mwaria" ni jina la kukanusha. Linamtambulisha mtu kwa kile ambacho siye. Mwaka 1933 ilitosha babu au bibi mmoja kukuingiza humo. Novemba 1935 wakabadili: Myahudi ni mwenye mababu na mabibi watatu au wanne Wayahudi, na mwenye wawili naye ahesabiwe kwa masharti fulani. Sasa, babu huyo wanamtambuaje kuwa Myahudi kwa damu? Kwa kuangalia kama alikuwa mwumini wa jumuiya ya dini ya Kiyahudi! Yaani sheria iliyojigamba kuwa ya damu ilishindwa kuiona damu, ikaenda kufungua daftari la dini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiandika hoja inayojizunguka namna hii, mhadhiri atampigia mstari mwekundu.

Hapa Klemperer na Shylock wanaachana kabisa. Venisi inamlazimisha Shylock abatizwe, nao ni ukatili. Lakini maana yake ni kwamba Venisi inaamini ubatizo unambadilisha mtu. Klemperer alikwisha kubatizwa kwa hiari yake zamani. Sheria ya 1935 ilimpita yeye na ubatizo wake, ikaenda kuwauliza waliokwisha kufa. Kutoka Januari 1939 ikamwongezea na jina: kila mwanamume Myahudi ambaye jina lake halikuwa katika orodha iliyokubaliwa aitwe pia Israel, na mwanamke Sara. Profesa akawa Victor Israel. Mlango ambao Shylock alisukumwa aupite, Klemperer aliukuta umezibwa kwa tofali.

NENO "ISIPOKUWA"

Kama ningetakiwa kuchagua neno moja linalobeba dhamira ya shajara hii, nisingechagua "marufuku". Ningechagua "isipokuwa".

Sheria ya Aprili 1933 ilikuwa na misamaha. Rais Hindenburg, jemadari wa zamani, alikuwa amemwandikia Hitler kuwatetea Wayahudi waliopigana vitani. Basi watumishi waliopigana mstari wa mbele waliachwa kazini, pamoja na walioajiriwa kabla ya Agosti 1914, na waliopoteza baba au mtoto vitani. Klemperer alikuwa askari, akabaki. Fikiria anachofanya mtu aliyebakizwa. Anawaonea huruma waliofukuzwa, lakini pia anashika cheti chake cha vita kwa mikono miwili. Hawezi kuilaani sheria yote, maana kifungu kimoja cha sheria hiyo hiyo ndicho kinachomlisha. Hindenburg akafa Agosti 1934. Mwishoni mwa Aprili 1935 Klemperer akapata barua ya kuachishwa, miezi kadhaa kabla ya msamaha wenyewe kufutwa rasmi kwa watumishi wote.

Ikabaki isipokuwa ya pili: ndoa. Kwa kuwa Eva hakuwa Myahudi na alikataa kumwacha, Klemperer hakupakiwa kwenye treni za kwenda mashariki pamoja na wengine. Maisha yake yote baada ya 1941 yalining'inia kwenye cheti cha ndoa. Eva angekufa, msamaha ungekufa naye. Hapo uhusiano wa mume na mke, jambo ambalo riwaya na nyimbo zetu hulisimulia kwa mapenzi na wivu, limekuwa kifungu cha sheria. Shajara haipigi mayowe kuhusu hili. Inatuonyesha mama wa makamo akisafiri kwenda mji wa Pirna akiwa na karatasi za mumewe, akaziache kwa rafiki yao daktari, huku akijua kwamba zikikamatwa wamekwisha wote.

Nadhani hapa ndipo penye jibu kwa swali linaloulizwa kila mara: kwa nini hawakukataa mapema? Swali lenyewe ni la mtu aliyezoea jukwaa. Jukwaani kuna pigo moja, na mtu akipigwa huamua. Lakini sheria yenye isipokuwa haipigi wote kwa siku moja. Inawagawa: leo makarani, kesho madaktari, keshokutwa wenye magari. Kila anayeachwa leo ana sababu ya kunyamaza hadi kesho. Na jirani asiyeguswa naye ana la kusema: si wameacha wale waliopigania nchi? Basi serikali ina utu.

SHERIA INAPOCHAGUA UTANZU

Kuna jambo moja ambalo sijaona likitiliwa mkazo katika mijadala yetu ya tanzu. Klemperer alikuwa akiandika kitabu kikubwa juu ya fasihi ya Kifaransa ya karne ya 18. Kitabu kile kilihitaji maktaba. Maktaba ilipofungwa Desemba 1938, kitabu kikakwama. Alichofanya ni kugeukia alichokuwa nacho: maisha yake mwenyewe, akaanza kuandika tawasifu, na maneno aliyoyasikia barabarani na kuyasoma magazetini, akayakusanya. Baadaye taipureta nayo ikachukuliwa, akabaki na kalamu. Yaani amri za serikali zilimnyang'anya tahakiki zikamsukumia kwenye shajara. Sisi tunaojadili tanzu kana kwamba mwandishi huchagua utanzu kama achaguavyo shati dukani, tuna la kujifunza hapa. Kuna waandishi ambao utanzu wao ulichaguliwa na walichonyimwa.

Ndani ya shajara hiyo kuna siku moja, mwanzoni mwa Juni 1942, ambapo Klemperer anaketi na kuorodhesha makatazo yote aliyoweza kuyakumbuka. Yanafika 31. Yamo makubwa na yamo yanayokaribia kuchekesha. Kufukuzwa nyumbani kwake mwenyewe na kuhamishiwa nyumba ya Wayahudi. Redio. Sinema. Magazeti. Tumbaku. Maua! Nani anaogopa Myahudi mwenye maua? Na wanyama: wiki chache kabla, yeye na Eva walimpeleka paka wao Muschel akauawe na daktari, kwa kuwa Wayahudi walikatazwa kufuga. Anne Frank, katika Amsterdam iliyokuwa chini ya Wajerumani, aliandika orodha yake mwezi huo huo wa Juni 1942: baiskeli, tramu, saa za kwenda dukani, kuogelea. Mmoja msichana wa miaka 13, mwingine profesa wa miaka 60, hawajuani, na wote wawili wanaishia kwenye orodha.

Hii si bahati. Orodha ni takriri, na takriri ni fani tunayoiheshimu sana tukiikuta katika utenzi. Kila kipengele peke yake ni kidogo. Ni mrundiko ndio unaosema. Tamthilia haiwezi kukaa jukwaani miaka 12 ikirundika. Riwaya inaweza, lakini huvutwa na tamaa ya kuruka hadi kwenye tukio kubwa. Shajara inalazimika kukaa. Na ndiyo maana ukifika kwenye paka, utashangaa kwamba umeshtuka zaidi kuliko ulivyoshtuka Shylock alipopoteza mali.

JOHO LA WAKILI KATIKA SHAMBA LA RONGAI

Mtu ataniuliza: je, riwaya haiwezi kabisa? Inaweza, kwa njia nyingine, na mfano mzuri uko karibu nasi. Stefanie Zweig alizaliwa Silesia mwaka 1932, akaletwa Kenya na wazazi wake mwaka 1938, akarudi Ujerumani mwaka 1947. Riwaya yake Nirgendwo in Afrika ilitoka mwaka 1995, mwaka ule ule wa shajara za Klemperer, na filamu yake ya 2001 ilipata tuzo ya Oscar. Ndani ya Kijerumani chake mna maneno ya Kiswahili, lugha aliyokulia nayo msichana Regina.

Baba wa Regina, Walter, ni wakili. Sheria ndiyo iliyomvua sheria. Anaishia kusimamia shamba la mzungu mwingine huko Rongai, na kati ya mali chache alizokuja nazo ni joho lake jeusi la mahakamani. Joho hilo anampa mpishi wao, Owuor. Zweig hahitaji kueleza vifungu vya 1933 wala 1938. Vazi la mahakama ya Ujerumani linapopepea kwenye shamba la Bonde la Ufa, tunaelewa. Ule mwendo wa bandu bandu anautupia jicho tu, katika barua za mwanzo. Walter, aliyetangulia, anamsihi mkewe Jettel alete jokofu. Jettel, akiwa bado Ujerumani, ananunua gauni la jioni. Gauni hilo ni sawa na gari la Klemperer: bado anaamini kesho itafanana na jana.

Lakini nina ugomvi na riwaya hii. Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ya Kiingereza Kenya iliwakamata wakimbizi hawa na kuwaweka kizuizini kama raia wa nchi adui. Kwa Waingereza, Walter alikuwa Mjerumani. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Novemba 1941, Ujerumani ikatoa tangazo kwamba Myahudi yeyote anayeishi nje ya nchi amepoteza uraia na mali yake ni ya dola. Kejeli hiyo ya sheria mbili riwaya inaijua vizuri. Ninachouliza ni kuhusu Owuor. Mpishi huyu tunamwona kwa jicho la upendo la mtoto, akiwa mwenye hekima na mzaha. Lakini mbele ya sheria za koloni Owuor alikuwa nani? Mwanamume Mwafrika wa Kenya ya miaka hiyo alitakiwa awe na kipande, kilichotokana na sheria ya 1915, na ardhi bora ya nyanda za juu ilitengwa kwa Wazungu. Sisemi kwamba kipande na nyota ya njano ni kitu kimoja. Nyota ilikuwa njia ya kwenda kwenye mauaji ya watu milioni 6, na mhakiki anayechanganya mizani hamsaidii mtu. Nasema tu kwamba joho lile, likiwa mabegani mwa Owuor, lilistahili kuulizwa swali moja zaidi. Aliyelivua alinyimwa sheria katika nchi yake. Aliyelivaa je?

HITIMISHO

Turudi kwenye tangazo lile la Novemba 1941, maana ndilo linalowakutanisha wahusika wetu. Kwa watu kama Walter lilimaanisha kubaki bila nchi. Kwa waliokuwa bado Ujerumani lilimaanisha jambo la kutisha zaidi: wengi, treni ilipowavusha mpaka kuwapeleka mashariki, kisheria walihesabika kuwa wanaishi nje, kwa hiyo si raia tena, na kitanda, akiba na sufuria walizoziacha vikawa mali ya dola. Mtu anafanywa mgeni, na akishakuwa mgeni mali yake inachukuliwa. Tumeisikia wapi hiyo? Ni ile sheria ya Portia. Ilichukua Ujerumani zaidi ya miaka 8 kufika pale ambapo tamthilia inafika kwa aya chache.

Klemperer alinusurika. Tarehe 13 Februari 1945 alitumwa kuwapelekea Wayahudi wachache waliobaki Dresden barua za kuwaita "kazini". Usiku ule ule ndege za Uingereza zikaushukia mji. Katika moto na fujo alitoa nyota kwenye koti, yeye na Eva wakatoroka. Kilichomwokoa hakikuwa kifungu chochote, bali kuungua kwa mji pamoja na ofisi zake.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili kwa wanafunzi wenzangu na kwa walimu wetu. La kwanza, shajara ipewe nafasi katika kozi za nadharia ya tanzu, isomwe kwa fani na maudhui kama kazi nyingine yoyote. La pili, tusiwaachie wanasheria peke yao matini za sheria. Sisi ndio tuliofundishwa kuuliza kitenzi hiki kimemficha nani, jina hili zuri limefunika nini, na "isipokuwa" hii imewekwa kwa faida ya nani. Maswali hayo yakiulizwa kwenye bandu ya kwanza, gogo bado lipo. Atakayeona nimemwonea Shakespeare au Zweig, kurasa hizi ni zetu sote, na ajibu.